Paneli Ina Namba, Mahali Pana Namba: Shoti katika Karakana za Eastlands



Kwenye uso wa kila breka ndogo inayouzwa madukani Nairobi kuna kijisanduku cha mstatili, karibu na zile namba kubwa ambazo kila fundi wa stima anazijua. Namba kubwa, C32 au C63, ndiyo inayoulizwa dukani: mashine yako inakula ampea ngapi? Ndani ya kijisanduku mna namba nyingine ya maandishi madogo. Mara nyingi ni 6000, pengine 10000, na kwenye breka za bei ya chini 4500 au hata 3000. Namba hii haisemi breka itabeba mzigo gani. Inasema breka inaweza kukata shoti ya ampea ngapi bila yenyewe kupasuka. Leo nataka kuzungumza juu ya namba hiyo ndogo, na juu ya mwenzake ambaye hajachapwa popote, yaani nguvu ya shoti ya mahali paneli inapofungwa. Dai langu ni kwamba huwezi kujua kama paneli itahimili shoti kwa kuitazama paneli peke yake, hata ukiitazama mchana kutwa. Tena katika mitaa ya Eastlands, ambako stima inaongezwa nguvu huku paneli zikibaki zilezile, transfoma mpya inayoletwa kuwasaidia watu inaweza kuifanya paneli iliyokuwa salama jana isiwe salama leo, ingawa hakuna aliyeigusa.

Tuanze na shoti yenyewe. Wengi huifikiria kama ubaya unaotoka ndani ya mashine. Kumbe ni stima ileile ya kila siku iliyopata njia ya mkato, njia isiyopitia kazi yoyote. Mota ya kinu inauzuia mkondo, na jiko la stima linauzuia vilevile. Nyaya mbili za fezi zikigusana, vizuizi hivyo vyote vinarukwa, na kinachobaki kuushika mkondo ni transfoma iliyo juu ya mlingoti pamoja na waya unaotoka kwake hadi pale nyaya zilipogusana. Ndiyo maana mashine haina usemi mkubwa katika jambo hili. Kinu cha posho na mashine ya kukereza chuma vikifungwa kwenye bodi moja vitakabiliwa na shoti ya ukubwa mmoja, hata kama kimoja kinatumia stima mara tano ya kingine. Mota kubwa inayozunguka huongeza mkondo wake kidogo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde ya kwanza, lakini mwenye neno la mwisho ni transfoma.

Transfoma nayo ina kizuizi chake cha ndani, ambacho mtengenezaji hukiandika kwa asilimia kwenye bamba lake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-5 kinatambua asilimia 4 kuwa ndiyo ya chini kwa transfoma za hadi kVA 630, na asilimia 5 kwa zinazofuata hadi kVA 1250. Asilimia 4 ina maana rahisi: shoti ikitokea kwenye vichwa vya transfoma, mkondo utakuwa mara 25 ya mkondo wake wa kawaida. Chukueni transfoma ya kVA 100 inayoshusha volti 11,000 kuwa 433. Mkondo wake wa kawaida ni ampea 133, hivyo shoti yake ni karibu ampea 3,300, yaani kiloampea 3.3. Ya kVA 200 inatoa kiloampea 6.7. Ya kVA 315 inatoa 10.5, na ya kVA 630 inatoa 21. Hesabu hizi zinachukulia kwamba laini ya volti 11,000 nyuma ya transfoma ina nguvu isiyo na kikomo. Kwa kweli huwa pungufu kidogo, na kosa hilo dogo linatupeleka upande wa usalama.

Sasa rudini kwenye kijisanduku chenye 6000. Chini ya transfoma ya kVA 100 breka hiyo ina nafasi ya kutosha. Shoti mbaya kuliko zote inayoweza kuifikia ni karibu nusu ya ile iliyotengenezwa kuikata. Wekeni kVA 315 kwenye mlingoti uleule na breka imezidiwa kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Mashine, mzigo na bili ya kila mwezi vimebaki vilevile, na mwenye karakana hajaona dalili yoyote isipokuwa kwamba taa hazififii tena mota ikiwashwa. Na taa kutofifia ndiyo ishara yenyewe. Volti isiyoshuka mota inapoanza inatuambia kwamba nyuma yake kuna kizuizi kidogo, na kizuizi kidogo maana yake ni shoti kubwa. Stima tunayoisifu kwa uimara ndiyo itakayoipiga paneli kwa nguvu zaidi siku waya zikigusana.

Nasema Eastlands kwa sababu historia ya mitaa hii imeliweka jambo hili mlangoni kwa watu. Umoja ilipangwa miaka ya 1970 kuwa mtaa wa nyumba za chini za familia, na Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia muongo huohuo. Dandora iligawanywa viwanja vyenye maji na barabara kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wajijengee wenyewe. Leo sehemu kubwa ya Umoja imepanda ghorofa. Pipeline kule Embakasi nyumba zimebanana hadi jua linafika chini kwa shida, na majengo kama hayo huhitaji pampu ya kupandisha maji, na pampu huhitaji paneli. Kamukunji, mafundi waliofua chuma juani hadi kazi yao ikaitwa jua kali walijengewa vibanda miaka ya 1980, na Waraka wa Bunge nambari 2 wa 1992 ukaitambua kazi yao kuwa sehemu ya uchumi wa nchi. Kariobangi Light Industries kuna karakana zinazounda mashine za wengine: vinu vya posho, mashine za kukata majani ya ng'ombe, za kuchanganya chakula cha kuku. Mahali palipopangiwa balbu na redio pamekuja mota na mashine za kuchomelea. Transfoma ikiungua kwa kulemewa, wakazi hulalamika hadi iletwe nyingine iliyo kubwa, na wana haki. Sitaki transfoma ndogo zirudi. Ninachotaka ni kwamba ile kubwa inapopanda mlingotini, mtu mmoja afungue milango ya paneli zilizo chini yake.

Akiifungua atatazama nini? Hapa ndipo mafundi wengi, hata wazuri, hukosea, kwa kuwa hutazama breka kuu na kuishia hapo. Breka kuu imeandikwa kiloampea 36, basi paneli nzima inahesabiwa kuwa ya 36. Lakini shoti ikitokea kwenye vichwa vya mota, mkondo wake umepita kwenye breka kuu, baa za shaba, vichwa vya kuungia waya, breka ndogo, kontakta inayoiwasha mota na ovalodi inayoikinga isilemewe, vyote kwa wakati mmoja na kwa ukubwa mmoja. Kila kimoja kimeshikilia shoti yote. Kwa hiyo uwezo wa paneli ni uwezo wa kifaa chake dhaifu kuliko vyote kilicho kwenye njia ya mkondo mkubwa, isipokuwa kama kuna kinachokilinda kwa namna iliyothibitishwa. Wamarekani wameliandika jambo hili kwa ukali unaostahili kusomwa. Tangu 2005 kanuni zao za umeme zinadai kila paneli ya mashine za kiwandani iandikwe uwezo wake wa kuhimili shoti, na kiwango chao cha UL 508A kinaeleza namna ya kuutafuta. Kila kifaa cha njia kuu kinapewa namba yake, kinga zilizotangulia zinapimwa kama zinaweza kuipandisha, kisha paneli inapewa namba ndogo kuliko zote zilizobaki. Kifaa kisichoandikwa kitu hakiachwi tupu, kinakadiriwa. Kichwa cha kugawia stima kinapewa kiloampea 10. Kontakta au kiwashio cha mota ya hadi nguvu farasi 50 kinapewa 5. Vile vijibreka vya kulinda kifaa kimoja ndani ya paneli, ambavyo kwa umbo vinafanana kabisa na breka ya kawaida, vinapewa 0.2, yaani ampea 200 tu. Paneli yenye breka kuu ya 36 na kijibreka kimoja cha aina hiyo kwenye njia ya mota, bila kinga iliyothibitishwa, ni paneli ya 0.2.

Sisi Kenya tunafuata zaidi njia ya IEC na ile ya kanuni za Kiingereza za nyaya, BS 7671, nayo inafika palepale kwa mlango mwingine. BS 7671 inataka nguvu ya shoti ijulikane katika kila sehemu inayohusika ya uwekaji wa stima, na kifaa cha kukata kisiwe na uwezo ulio chini yake isipokuwa kama kiko kingine mbele yake kinachokisaidia. Kontakta ina masharti yake katika IEC 60947-4-1. Chukueni kinu cha posho chenye mota ya nguvu farasi 20, inayokula karibu ampea 30. Kontakta yake ya ampea 32 iko katika kundi linalojaribiwa kwa shoti ya lazima ya kiloampea 3. Mtengenezaji anaweza kuahidi zaidi, hata kiloampea 50, lakini ahadi hiyo ina sharti: fyuzi au breka ya aina fulani na ukubwa fulani iwe mbele yake, kama alivyoijaribu yeye. Ukiweka breka nyingine, ahadi imekwisha na umerudi kwenye 3. Hata palipo na ahadi zipo daraja mbili. Ya kwanza inaahidi kwamba shoti haitamdhuru mtu, ingawa kontakta yenyewe inaweza kufa. Ya pili inaahidi kwamba kontakta itafaa kutumika tena, hata kama midomo yake imeshikana kidogo. Mwenye kinu ambaye posho ya mtaa mzima inamtegemea ana haki ya kuambiwa ni daraja gani aliyouziwa.

Shoti ina kazi nyingine mbali na joto, nayo ni kusukuma. Waya mbili zenye mkondo mkubwa husukumana au kuvutana, na nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mkondo. Shoti ya kiloampea 10 ina kilele cha kwanza kinachokadiriwa kufika kiloampea 17. Baa mbili za shaba zilizoachana milimita 50, mkondo wa namna hiyo ukipita, zitasukumana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 118 kwa kila mita. Gunia la mahindi ni kilo 90. Fikirieni baa yenye urefu wa mita moja, imeshikwa na vishikizo viwili vya plastiki, halafu gunia na robo linaangushwa juu yake kwa ghafla, kisha mapigo mepesi kidogo yakifuata, mara mia kwa sekunde, hadi kinga ikate. Shoti ikiongezeka maradufu, magunia yanazidi manne. Kishikizo kilichokatwa kwa msumeno kutoka kipande cha ubao hakitangoja.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina uzito kwa kuwa limejengwa juu ya uzoefu. Fundi atasema: nimefunga paneli hizi miaka kumi na tano, hakuna breka yangu iliyopasuka. Namwamini. Shoti nyingi hutokea mbali, kwenye mota au kwenye waya mrefu uliochubuka, na njia ndefu huzipunguza makali kabla hazijafika kwenye breka. Shoti kamili, ya karibu, fezi tatu pamoja, hutokea kwa nadra. Lakini tazameni hutokea lini. Paneli iliyofungwa mlango na kutulia haina sababu kubwa ya kupata shoti ndani yake. Shoti ya karibu huja paneli inapoguswa: bisibisi imeponyoka, nati imesahauliwa juu ya baa, fezi mbili zimebanwa kwenye kichwa kimoja baada ya matengenezo, kisha stima ikarudishwa. Saa hiyo mkono wa mtu uko kwenye breka na uso wake uko nusu mita kutoka mlango ulio wazi. Nadra hiyo, basi, haiangukii siku yoyote ya mwaka. Imejikusanya kwenye dakika zilezile ambazo fundi amesimama hapo. Miaka kumi na tano bila kupasuka ni ushahidi kwamba shoti ya namna hiyo haijaja. Haisemi lolote kuhusu breka itafanya nini ikija.

Pingamizi la pili ni la kiufundi, na ndilo linalopoteza wengi: breka kuu ya 36 iko mbele, itaikata shoti kabla breka ndogo ya 6 haijaumia. Laiti ingekuwa hivyo. Mkondo hausimami kwenye breka kuu ukasubiri, unapita kwenye zote mbili papo hapo. Ile ndogo ina viungo vyepesi, hivyo ndiyo inayoanza kufunguka, na ikishaanza kufunguka cheche inawaka ndani yake kwa nguvu ambayo haikutengenezwa kuizima. Ziko jozi za breka ambapo kubwa kweli humsaidia mdogo wake kwa kuupunguza mkondo upesi, na watengenezaji huchapa majedwali ya jozi hizo. Lakini jedwali ni la jozi zilizojaribiwa pamoja maabara, za mtengenezaji mmoja, aina kwa aina. Breka kuu ya kampuni moja na breka ndogo ya nyingine, zilizonunuliwa duka moja asubuhi moja, hazina jedwali. Hapo hakuna hesabu ya kalamu itakayotuokoa, kwa sababu mwendo wa cheche ndani ya breka mbili tofauti hauwezi kubashiriwa kutoka kwenye karatasi. Kinachobaki ni ile namba ndogo.

Wako wanaokimbilia kiwango chenyewe. IEC 61439, kinachohusu paneli na bodi za volti za chini, kinasema kwamba paneli ambayo uwezo wake wa shoti hauzidi kiloampea 10 haihitaji kuthibitishwa kwa jaribio la shoti, na vilevile ile inayolindwa na kifaa kisichoruhusu kilele kuzidi kiloampea 17. Basi, wanasema, karakana ndogo zimesamehewa. Wasome tena. Waliosamehewa ni wale ambao tayari wanajua kwamba wako chini ya 10, na msamaha wenyewe ni wa jaribio la paneli kwa ujumla. Breka ya 6 haijasamehewa kukutana na 9. Isitoshe, mstari huo wa 10 umepita katikati ya hali yetu. Chini ya kVA 315 karakana yenye mita chache za waya iko ndani ya msamaha kwa ukucha tu, na transfoma ikipandishwa hadi 630 iko nje yake kabisa.

Hapo ndipo linaposimama pingamizi ninalolikubali kuliko yote, la waya. Wanasema karakana haziko chini ya mlingoti, na waya utaipunguza shoti. Ni kweli, na upungufu huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukueni ileile transfoma ya kVA 315 na waya wa shaba wa milimita mraba 25. Baada ya mita 10 shoti imeshuka kutoka 10.5 hadi karibu 9. Baada ya mita 30 ni karibu 6.5, na baada ya mita 100 haifiki 3. Kwa hiyo paneli ya 6 iliyo mita 100 ndani ya mtaa iko salama, na kumlazimisha mwenye nayo anunue ya 10 ni kumpotezea fedha. Nalisema wazi kwa kuwa hofu isiyopimwa nayo ni hasara. Ila waya nao hubadilika. Biashara ikikua, mtu huutoa ule wa 25 na kuvuta wa 70, na kwenye mita zilezile 30 shoti inarudi kupanda hadi karibu 8.5. Waya mnene ni stima nzuri kwa mota, na ni kizuizi kilichoondolewa mbele ya shoti. Pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho, linanipa ninachokitafuta: umbali unaokoa pale tu unapopimwa, na unene wa waya unaandikwa pamoja nao.

Nimeulizwa pia kuhusu jenereta. Jenereta ya karakana haina nguvu ya shoti kama transfoma, mara nyingi ni mara chache tu ya mkondo wake wa kawaida. Hatari yake iko upande wa pili: breka inaweza kuchelewa kukata kwa kuwa shoti ni ndogo mno kwake. Paneli inayolishwa na vyote viwili ipimwe kwa vyote viwili.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko maneno yote huishia. Breka ya 10 ni ghali kuliko ya 6, na ya 36 ni ghali zaidi sana. Fundi wa Kariobangi anayeshindana kwa bei na jirani yake wa mlango wa pili hawezi kuongeza gharama ambayo mnunuzi haioni. Namwelewa kabisa. Lakini iko dawa ya bei nafuu, na ni ya zamani: fyuzi za kauri zilizojaa mchanga, za aina ya BS 88, ambazo kwa kawaida hukata hadi kiloampea 80. Mchanga wa ndani huyeyuka pamoja na utepe wa chuma na kuizima cheche, na shoti ikiwa kubwa, fyuzi hukatika kabla kilele cha kwanza hakijafika. Haikati tu, inaikata shoti kichwa ingali inapanda, na vilivyo nyuma yake vinaona sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa kontakta hutoa ahadi zao kubwa zaidi wakiwa na fyuzi mbele. Seti ya fyuzi tatu na makasha yake, ikichaguliwa kwa jedwali la kontakta, inaweza kuitoa paneli ya kinu kwenye 3 na kuipeleka mbali kuliko transfoma yoyote ya mtaa itakavyofika. Ubaya wake mmojawapo ni huu: fyuzi ikikatika, kuna anayeshawishika kuweka kipande cha waya mahali pake. Ubaya huo ni wa kweli, na unazuiwa kwa kuacha fyuzi za akiba ndani ya mlango wa paneli siku inapofungwa.

Breka iliyotolewa kwenye paneli kuukuu inahitaji neno lake. Breka kubwa za IEC 60947-2 zina namba mbili za kukata. Ile ya juu kabisa inathibitishwa kwa kukata shoti mara moja, kisha kufungwa juu ya shoti na kukata tena, na baada ya hapo hakuna anayeahidi kwamba itaweza kubeba mzigo wake wa kawaida. Ile ya pili, ambayo mara nyingi ni ndogo, ndiyo inayoahidi kuendelea na kazi. Breka ya mtumba haina shahada ya maisha yake. Pengine imeshakata shoti yake ya mwisho, na kwa nje inang'aa. Kuhusu breka bandia, ambazo kijisanduku chake kinaweza kuwa na namba yoyote ambayo mchapaji aliipenda, kosa la aliyeighushi namba halitupi ruhusa ya kuacha kuisoma. Ni sababu zaidi ya kununua kwa risiti na kwa wakala anayejulikana.

Nani, basi, aitafute namba ya mahali? Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, hujaza cheti cha kumaliza kazi kabla mita haijaunganishwa, na ukubwa wa transfoma umeandikwa kwenye bamba lake. Urefu na unene wa waya unapimika kwa futi kamba na macho. Mwenye kifaa cha kupima kitanzi, yaani njia nzima ya mkondo kwenda na kurudi, anaweza kupima mkondo wa shoti kati ya fezi na nyutro kisha auzidishe mara mbili kwa shoti ya fezi tatu, makadirio ambayo kwa kawaida yanaegemea usalama, ingawa karibu sana na transfoma vifaa vya bei ndogo hupoteza usahihi. Hakuna kati ya haya kinachohitaji maabara. Ninachokiomba kwa Kenya Power ni kidogo: kila transfoma inapobadilishwa kwa kubwa, tangazo la kukatwa stima siku hiyo liseme kVA ya zamani na kVA mpya. Kwa mafundi wa paneli naomba kibandiko ndani ya mlango. Sehemu ya juu iandikwe uwezo wa paneli na kinga ambayo uwezo huo unaitegemea, kwa jina na ukubwa, ili asiyejua asibadilishe fyuzi kwa breka. Chini yake iandikwe namba ya mahali, ukubwa wa transfoma, mita na milimita za waya, na tarehe. Kisha iachwe mistari kadhaa mitupu.

Paneli ya pampu iliyofungwa mita 10 kutoka transfoma ya kVA 100 itakuwa na 6 juu na 3 chini. Transfoma ya kVA 315 ikipanda mlingotini, fundi atakayeitwa kwa sababu nyingine kabisa, labda pampu inavuma vibaya, atapima, ataandika 9 kwenye mstari mtupu chini ya ile 3, atainua macho kwenye 6, na ataenda kuzima swichi kuu kabla hajagusa kitu kingine chochote.